Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu na wakurugenzi wa mabenki: Afisa mikopo ya nyumba ajulikane kwa jina na namba

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Kwa Ndugu Wakurugenzi Watendaji wa mabenki yanayotoa mikopo ya nyumba,
Nakala kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi.

Tunawaandikia sisi ambao mikopo ya nyumba ndiyo kazi yetu ya kila siku: mawakili tunaoandaa hati za rehani, wathamini tunaopima thamani ya majengo, na maafisa mikopo tuliokaa kwenye dawati hilo kwa miaka. Tuna ombi. Mtu anayemkalisha mwananchi kitini na kumwambia "saini hapa" kwa deni la miaka 15 au 20 awe amefundishwa kazi hiyo, ajulikane kwa jina na namba, na asilipwe zaidi kwa sababu mteja wake amekopa vibaya.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeeleza rehani kwa kirefu. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria mahususi ya mikopo ya nyumba pamoja na ile inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Kampuni ya Tanzania Mortgage Refinance Company (TMRC) ikaanzishwa mwaka 2010 ili mabenki yapate fedha za muda mrefu za kukopesha. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zikatoka mwaka 2019. Lakini mwananchi akiingia benki haoni sheria hizo. Anamwona afisa mikopo, na anachoelezwa na huyo ndicho anachokiamini. Kama afisa anaijua kazi, mkopo unatulia. Kama haijui, au anaijua lakini anakimbizana na malengo ya mwezi, familia inakuja kugundua kosa miaka mitatu baadaye, wakati halirekebishiki tena.

Tuanze na karatasi moja: jedwali la marejesho, linaloonyesha kila rejesho la mwezi limelipa riba kiasi gani na deni kiasi gani. Chukueni mkopo wa shilingi milioni 80, riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, muda miaka 15. Rejesho la mwezi ni kama shilingi 1,175,000. Sasa tazameni mstari wa kwanza wa jedwali. Kati ya fedha hizo, shilingi 1,066,667 ni riba. Deni lenyewe limepungua kwa shilingi 108,000 na ushee tu. Mteja akilipa miaka 3 bila kukosa hata mwezi mmoja, atakuwa ametoa shilingi milioni 42.3, na salio lake litasoma takriban milioni 75. Hapo hakuna aliyeibiwa, ndivyo hesabu ya mkopo mrefu inavyokwenda. Lakini mteja ambaye hakuonyeshwa mstari ule siku ya kwanza, siku atakapoomba salio ataamini kabisa kwamba ameibiwa. Wengi huacha kulipa hapo hapo.

Mshahara wa mteja ukionekana hautoshi, njia rahisi ya afisa ni kuongeza muda. Mkopo ule ule ukipelekwa miaka 20, rejesho linashuka hadi shilingi 1,113,000 hivi. Mteja anafurahia nafuu ya shilingi 62,000 kwa mwezi. Asichoambiwa ni kwamba jumla ya malipo imetoka milioni 211.5 hadi milioni 267. Afisa mzoefu huziweka jumla hizo mbili kwenye karatasi moja, bega kwa bega, kisha humwachia mteja aende nazo nyumbani akazungumze na mwenzake. Huongeza na hesabu ya tatu, ambayo wateja wengi hawajawahi kuionyeshwa: ukibaki na miaka 15 na ukaweza kuongeza shilingi 100,000 juu ya rejesho la kila mwezi, deni linaisha kwenye mwezi wa 137 badala ya 180, na unaokoa karibu shilingi milioni 37. Masharti ni mawili. Nyongeza iingizwe kwenye deni la msingi, isikae kwenye akaunti kama malipo ya mwezi ujao, na mkataba usiwe na adhabu ya kulipa mapema inayokula faida hiyo. Mambo hayo mawili huulizwa kabla ya kusaini. Baada ya hapo ni kuomba hisani.

Asilimia moja nayo si kitu kidogo. Riba ikipanda kutoka 16 hadi 17, rejesho la mkopo huu linaongezeka kwa shilingi 56,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya milioni 10 kwa miaka 15. Mikataba mingi ina kifungu kinachoipa benki ruhusa ya kubadilisha riba kwa kumpa mteja taarifa tu. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatangaza riba yake ya sera, yaani kiwango kinachoongoza riba nyingine sokoni, ambayo ilianza na asilimia 5.5, kwa hiyo sasa kuna kipimo cha wazi. Tunaomba kila mkataba wa mkopo wa nyumba wenye riba inayobadilika utaje riba hiyo inafuata kipimo gani, inakaguliwa kila baada ya miezi mingapi, na inaposhuka mteja anapata unafuu lini. Kwenye kupanda, benki huwa hazichelewi.

Kuna pia mtego wa "asilimia 10 tu". Mteja anatajiwa riba ndogo, kumbe inakokotolewa kwenye mkopo wa awali miaka yote, hata pale salio linapokuwa limebaki nusu. Kwa milioni 80 na miaka 15, asilimia 10 ya namna hiyo inamtoza mteja karibu sawa na asilimia 15 inayopungua na salio. Afisa anayetaja asilimia bila kusema inakokotolewa juu ya nini hajamweleza mteja chochote, na kanuni zenu zimtambue hivyo.

Tuje kwenye malipo ya maafisa wenyewe, maana hapa ndipo penye mzizi. Afisa anayepimwa kwa idadi ya mikopo na kiasi cha fedha alichotoa mwezi huu hana sababu ya kuhangaika na mkopo wa nyumba unaochukua wiki nyingi za upekuzi wa hati, uthamini na usajili. Mteja anayekuja kuuliza nyumba anageuzwa. Anaambiwa achukue mkopo wa mshahara, fedha zinatoka ndani ya siku chache, hakuna hati wala mthamini. Anakwenda kununua kiwanja kisichopimwa kwa maneno ya dalali. Kwa kuwa benki haikushika ardhi kama dhamana, hakuna mtu wa benki aliyeikagua. Kiwanja kikitokea na mgogoro, mteja anabaki na makato ya miaka na hana ardhi. Na kwa kuwa makato ya mtumishi hayatakiwi kumwachia chini ya theluthi moja ya mshahara wake, nafasi ya mkopo halisi wa nyumba imeshafungwa. Tunaona majalada ya namna hii mara kwa mara, na yanauma, kwa sababu wengi wa watu hao walikuwa na sifa za kupata mkopo sahihi siku ile ile walipogeuzwa.

Marekani walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2008, katikati ya msukosuko wa mikopo ya nyumba, walipitisha sheria iitwayo SAFE Act. Kila anayepokea maombi ya mkopo wa nyumba ana namba yake ya pekee, na mwananchi yeyote anaweza kuitafuta bure mtandaoni akaona huyo ni nani, amefanya kazi wapi, na kama amewahi kuchukuliwa hatua na wasimamizi. Wale wasio waajiriwa wa benki husoma saa zisizopungua 20 kabla ya mtihani na saa 8 kila mwaka baada ya hapo. Kuanzia 2011 ikapigwa marufuku kumlipa afisa zaidi kwa sababu mteja wake amepewa riba kubwa au masharti magumu. Hatusemi tunakili kila kitu, soko letu ni dogo na maafisa wetu wengi ni waajiriwa wa mabenki. Ndiyo maana hapa kazi ni rahisi zaidi. Benki Kuu ikiagiza kila benki ipeleke majina ya maafisa wake wa mikopo ya nyumba, orodha hiyo ikawekwa wazi kwa umma, na mafunzo na mtihani vikasimamiwa na Taasisi ya Taaluma za Benki ambayo tayari ipo, mwananchi atakuwa na mahali pa kutazama kabla hajakabidhi hati yake.

Huyo afisa ajue nini? Kwanza ardhi. Afisa anayepokea nakala ya hati na kuipeleka moja kwa moja kwa mthamini ameruka hatua. Kinachotangulia ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati: jina la mmiliki ni lile lile lililo kwenye kitambulisho, namba ya kiwanja na kitalu vinalingana, hakuna rehani nyingine, hakuna zuio, hakuna amri ya mahakama. Upekuzi wa miezi minne iliyopita hautoshi, urudiwe siku chache kabla ya fedha kutoka, kwa kuwa zuio linaweza kuwekwa leo. Halafu hesabu ya miaka. Hati za nyumba hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inaisha 2031, na haiwezi kubeba mkopo wa miaka 15 mpaka imehuishwa. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, la sivyo jalada litarudishwa.

Kisha kiwanjani. Afisa, au mpima aliyetumwa naye, afike akayatafute mawe ya mipaka. Jiwe la mpaka ni kipande kidogo cha zege chenye chuma katikati na namba juu yake, mara nyingi kimefunikwa na udongo au kimemezwa na ukuta wa jirani. Namba ile inapaswa kuwa sawa na iliyo kwenye ramani ya upimaji. Mawe manne yakipatikana na namba zikalingana, kazi inaendelea. Likikosekana moja, mpima aitwe kabla ya mthamini, maana mthamini anaweza kufanya kazi nzuri sana kwenye kiwanja ambacho si chenyewe. Imewahi kutokea nyumba ikathaminiwa kiwanja namba 214 huku hati ikiwa ya 241.

Kwa anayenunua sehemu ya ghorofa, afisa aulize jambo ambalo muuzaji hatalisema: je, kiwanja mama, yaani kile jengo zima limesimama juu yake, kimewekwa rehani na mjenzi kwenye benki nyingine? Kama ndiyo, mnunuzi asilipe hata shilingi moja mpaka benki hiyo iandike kwamba itaiachilia sehemu yake itakapolipwa kiasi kilichokubaliwa. Bila barua hiyo, mjenzi akishindwa kulipa deni lake, mnunuzi aliyekwisha kulipa anaingizwa kwenye mgogoro usiomhusu.

Jambo la pili ni ndoa, na hapa tunaomba msome taratibu, kwa sababu ndipo rehani nyingi zinapovunjika mahakamani. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya familia haina nguvu bila ridhaa ya mwenzi. Mkopaji ana wajibu wa kusema kama ana mwenzi, na benki nayo ina wajibu wa kuchukua hatua za kuridhisha kuthibitisha. Afisa asiye na uzoefu anapokea kiapo kwamba "sijaoa", anakigonga muhuri, anasonga mbele. Mzoefu anajua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawachukulia walioishi pamoja miaka 2 na kuheshimika kama mke na mume kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo anafika nyumbani. Anazungumza na mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Anauliza nani anaishi pale. Kama ndoa ni ya wake wawili, anataka kujua nyumba hii anaishi nani. Na ridhaa ya mwenzi haichukuliwi kwa kumpa mume fomu akaisainishe jikoni: mwenzi anaitwa benki, anaelezwa kwa Kiswahili kwamba deni lisipolipwa nyumba inaweza kuuzwa, anashauriwa atafute wakili wake, ndipo anasaini mbele ya shahidi. Saa moja ya kazi hiyo inaepusha kesi ya miaka, na inaepusha mama kushtukia mnada mlangoni.

Kwa mkopo wa ujenzi, fedha zitoke kwa awamu: msingi na jamvi, kuta mpaka linta, kupaua, halafu umaliziaji. Kila awamu ikaguliwe na mkadiriaji kabla ya nyingine kutoka, na riba itozwe kwenye fedha zilizokwisha kutoka tu. Kinachoharibu mara nyingi ni ucheleweshaji wa benki yenyewe. Fundi amemaliza linta, mkaguzi haonekani wiki sita, mbao na saruji zinapanda bei, bajeti ya kupaua haitoshi tena. Tunaomba muda wa ukaguzi uandikwe kwenye mkataba, siku 7 za kazi zinatosha. Na afisa asikubali bajeti isiyo na akiba ya angalau asilimia 10.

Kuhusu gharama za pembeni hatuna maneno mengi. Ada ya mkopo, uthamini, wakili, ushuru wa stempu, usajili wa rehani, bima ya maisha ya mkopaji, bima ya nyumba: zote ziandikwe kwa shilingi kwenye ukurasa mmoja kabla mteja hajalipa ya kwanza. Bima ielezwe inalipa nini. Kwa kawaida ile ya maisha inagusa kifo na ulemavu wa kudumu, haigusi kuachishwa kazi isipokuwa imeandikwa. Na nakala yake apewe mwenzi, kwani zipo familia ambazo baba amefariki, mama na watoto wanaendelea kubana matumizi ili walipe deni ambalo bima ilipaswa kulifuta.

Karatasi hizi zote ziwe za Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hakuna sababu iliyobaki ya mwananchi kusaini kurasa 30 za Kiingereza kwa nyumba anayotarajia kuzeekea.

Mambo yakiharibika, afisa ndiye wa kwanza kujua, na wiki ya kwanza ndiyo yenye thamani. Mteja aliyekosa rejesho moja bado anaweza kupangiwa upya: miezi michache ya kulipa riba pekee, au marejesho yaliyogawanywa ili yafuate mapato yake. Aliyekosa matano keshaanza kuzima simu. Sheria inataka notisi ya siku 60 kabla benki haijachukua hatua juu ya dhamana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya nyumba zinazofanana nayo, benki inahesabiwa kuwa imekiuka wajibu wake wa kutafuta bei bora mpaka ithibitishe vinginevyo. Wateja wengi hawajui haki hizo. Tunaomba ziandikwe kwenye notisi yenyewe, pamoja na jina na simu ya afisa aliyetoa mkopo. Na afisa akihamishwa tawi au akiacha kazi, mteja aarifiwe kwa maandishi ni nani amelichukua jalada lake. Leo hii mteja wa miaka 15 hupita mikononi mwa maafisa watano au sita, kila mmoja akimwuliza upya walikubaliana nini na aliyetangulia.

Mwisho, hati. Mteja akimaliza deni, benki iandae hati ya kufuta rehani, iisajili na kumrudishia hati yake ndani ya siku 30, na taarifa zake kwenye kanzidata ya wakopaji zisahihishwe wakati huo huo. Ikichelewa, benki imlipe yeye kwa kila siku, kama alivyokuwa akitozwa yeye alipochelewa.

Rasimu ya jedwali la marejesho, ya ukurasa wa gharama na ya fomu ya ridhaa ya mwenzi, zote kwa Kiswahili, tumeshaziandaa. Tuko tayari kuzileta mezani kwenu siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mawakili, wathamini na maafisa wa mikopo ya nyumba